Mwaka Jana Tulifanyaje

Mwaka wao huanza Septemba,
mkonge umekauka hadi rangi ya mkeka wa zamani
na nyumba za Raskazone zina mapazia mapya.
Jumatano, saa nne asubuhi, wanafika.
Nimeshapanga vikombe kumi na tisa
na kuchemsha chai mbili: yao, isiyo na kitu,
na yangu ya tangawizi, ambayo ifikapo Novemba
ndiyo wote watakayoiomba.

Mwenyekiti mpya anaitwa Annelies.
Mumewe yuko bandarini, mkataba miaka miwili.
Anafungua daftari, anaangaza huku na huko, ananigeukia:
"Mwanahija, mwaka jana tulifanyaje?"

Tulifanyaje. Mwaka jana yeye alikuwa Rotterdam.
Paloma alikuwa Lima. Haruka, yule mwembamba,
alikuwa hajaolewa.
Waliokuwapo wameondoka na masanduku,
wameniachia funguo, birika na kumbukumbu.
Basi nasema: Oktoba ni Amani, msituni,
vaeni soksi ndefu, kuna ruba.
Desemba ni mnada wa keki, fedha ziende wodi ya wazazi.
Wanaandika. Nikishasema, imekuwa desturi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa siku ya tatu walikuja wenyewe
kuuliza jembe liko wapi, tena kwa haraka.
Sikuwa nalo. Nikawapa kisu cha kukatia ndimu.

Novemba Paloma alilia jikoni.
Si mume, si homa. Mama yake amepasuliwa
na simu hukatika kila ikifika kwenye neno lenyewe.
Nilimpa mbaazi achambue. Alichambua kilo mbili.

Keki ya Haruka ilikuwa ya kijani.
Hakuna aliyeigusa, ila Shemdoe, dereva,
aliyeifunga kwenye kerea ya baiskeli akaondoka nayo Mabawa,
na Jumatatu akarudi kuuliza kama ipo nyingine.

Januari wawili waliitwa kwao kabla ya muda.
Vikombe kumi na saba.

Shabani ikiwa ukingoni, Annelies akauliza tena:
"Na Ramadhani? Mwaka jana tulifanyaje?"
Mungu anisamehe, ulimi ulinitangulia:
"Tulifuturu kwangu. Ngamiani, barabara ya kumi na mbili."

Hatukuwahi.
Miaka kumi na minne ya vikombe,
hakuna aliyewahi kuuliza ninalala wapi.
Nikainua macho, yakakutana na ya Signe.
Signe hana mkataba. Mumewe alifuata mkonge,
bei ikaanguka, naye akazikwa hapa hapa,
mke akabaki na mbwa wawili na Kiswahili cha kununulia samaki.
Alikuwapo mwaka jana. Alikuwapo yote.
Akakoroga chai isiyo na sukari, akasema:
"Ndiyo. Tambi zilikuwa tamu."

Wakaja. Jozi kumi na saba mlangoni,
watoto wa jirani wakizijaribu moja moja.
Annelies alikalia mkeka kama anayekalia mayai.
Umeme ukakatika.
Mama yangu, ambaye macho yalishamwacha,
akawapapasa mikono mmoja mmoja, akiuliza:
"Huyu wa nani? Na huyu wa nani?"
Wakatazamana, sijui, na giza lile.
Paloma peke yake alijibu.
Alitaja jina la mama yake.

Masika sina la kusema. Waliokuja walikuwa watatu,
na paa linavuja.

Juni, kuagana. Nilipewa mito ya kochi,
mashine ya kusagia isiyokubali umeme wetu,
na Annelies akanikumbatia: "Usitusahau."
Nikacheka. Ndiyo kazi yangu hiyo.

Julai klabu imefungwa, lakini Jumatano ni Jumatano.
Signe akaja, mbwa nyuma.
Nikachemsha chai moja tu.
Akavuta daftari, akapekua kurasa, majina ya watu wa miaka yote,
kwa mwandiko wangu, na mimi simo.
Hakusema kitu. Alinisogezea kalamu.

Nikaandika tarehe.
Nikaandika: Waliohudhuria, wawili.