Miiba Mibichi

Mwaka huu miiba imelowa.
Sharbel aliikata juzi kando ya barabara ya Mosuli,
pale palipoteguliwa mabomu, vijiti vyekundu bado vimesimama,
akaileta mgongoni kama mtu aliyembeba nungunungu.
Usiku ikanyesha mvua ya Ninawi,
mvua isiyojua kubisha hodi.

Desturi yetu ni hii: mkesha wa Noeli
huwashwa moto wa miiba uani kwa kanisa.
Ukiwaka mpaka majivu, mwaka utakuwa wa heri.
Ukizima,
basi.
Sijamsikia mtu akiimalizia sentensi hiyo.

Lakini nakumbuka mkesha wa mwisho kabla hatujakimbia.
Moto uliruka juu ya paa. Tulipiga vigelegele.
Agosti yake tulikuwa barabarani na magodoro,
funguo za nyumba mfukoni,
kama watu waliotoka mara moja kununua mkate.

Nimeoka kileicha, maandazi yetu ya tende, sinia tatu,
kwa mazoea ya nyumba ya watu tisa.
Tumebaki wawili, mimi na mama.
Kaka yangu Fadi anaendesha basi huko Uswidi.
Hupiga simu na kuuliza, "Bado mpo?"
kana kwamba sisi ni kiporo.

Kanisani kuta zimepakwa chokaa, ila nguzo moja.
Padri Thabit aliikatalia mafundi.
Ukiiegemea, unatoka na masizi begani,
na sisi sote, sijui kwa nini, huiegemea.

Msomaji wa Injili, kwa desturi, ni mtoto.
Wamemchagua Yalda, binti wa Basima,
ambaye ulimi wake ulikwama usiku ule wa kukimbia
akiwa na miaka mitatu, na sasa ana tisa.
Watu walinong'ona. Basima aliinamia mshumaa wake.
Mtoto akasoma wachungaji, akasoma makundi, akasoma usiku,
polepole, kama anayevuka mto kwa mawe.
Malaika akawaambia, *Msi*...

*Msi*...

*Msi*...

Nta ikanidondokea kidoleni, sikuitikisa.
Kwani neno hilo tunalijua, limeandikwa kwenye malango yetu kwa rangi:
msirudi. Msijenge. Msipige kengele.
Na mengine tumejiandikia wenyewe:
msizae hapa, msipande mizeituni,
msitandike vitanda vya watu watatu.
Nikalisubiri neno la mtoto
kama mfungwa anayesikia funguo zikichaguliwa.

"Msiogope."

Hakulisema kwa sauti. Alilitema,
kama kokwa ya tende,
akafuta mdomo, akaendelea.

Uani, miiba ilitoa moshi.
Sharbel alipuliza mpaka macho yakawa nyanya.
Ndipo yule askari wa kizuizini, kijana wa Basra aitwaye Karrar,
asiye wa kanisa letu wala wa kanisa lolote,
akaja na kidumu cha dizeli ya jenereta.
"Kuna baridi," akasema, kama vile hiyo ndiyo sababu.
Ukashika upande mmoja. Upande wa pili ukabaki mbichi, unafuka.
Wazee walitazamana: hii nayo inahesabiwaje?

Mimi niliutazama upande mbichi.
Usiku ule wa Bethlehemu, nikawaza,
huenda mahali fulani mwiba ulikuwa tayari unachipua,
mwororo bado, hata mbuzi angeutafuna,
ukiisubiri paji la uso.
Naye akaja.
Hakungoja nchi itulie ndipo azaliwe.

Mama akasema tuvuke hivyo hivyo.
Magoti yake hayaruki tena, akapiga hatua,
mara moja, mbili, na ya tatu akashikwa mkono na Karrar,
upindo wa gauni ukanusa dizeli.

Fadi alipiga usiku wa manane.
Nikamwambia moto ulikuwa moshi zaidi kuliko moto.
Akanyamaza.
Nikamwambia, Yalda ndiye aliyesoma.
"Mpaka mwisho?"
Sinia zilikuwa tupu mezani, zina makombo.
Mpaka mwisho, nikamwambia.