Hapa Mto Useme Kitu

Alituachia sanduku la bati na karatasi mia mbili na kumi,
zile za kahawia, zenye pembe zilizokatwa vibaya,
ambazo kiwanda cha Webuye kiliwatupia wafanyakazi wake
enzi zile moshi wake ukinuka mayai viza
na mji mzima ukijua kwamba harufu hiyo ni mshahara.

Mzee Eliasafu Mukhwana. Darasa la nne
tulimsoma sote, tukamkariri kwa kuogopa kiboko,
na leo ukimtaja sokoni, wauza nyanya
watakumalizia sentensi zake.

Hii hakuimaliza. Msichana, Nabwile,
anakwenda Nzoia kudai kivuli chake
kilichonaswa na maji alipokuwa akifua blanketi.
Chura mtoza ushuru anamzuia darajani.
Pembeni, kwa penseli: *Chura mnene, lakini ana huzuni.*
Chini yake: *Asivae taji. Taji ni za vitabu vya wengine.*

Kizito alimchora chura mara kumi na moja.
Wa kwanza alifanana na diwani wetu, tukamficha.
Wa sita alikuwa na huzuni ila amekonda.
Wa kumi na moja aliketi juu ya gunia la mahindi
akitazama miguu yake kama mtu aliyepokea barua,
nami nikasema, huyo. Usimguse tena.

Kazi yangu ilikuwa maneno. Nilishona palipochanika,
nikaazima vituo vyake, na zile "basi" zake nyingi,
hata tabia yake ya kufunga aya kabla mtu hajajibu.
Nilifika ukurasa wa ishirini na tisa nikijipongeza moyoni.
Pale, katikati ya karatasi tupu, mwandiko wake:

*Hapa mto useme kitu.*

Basi.
Niliigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na hesabu ya sukari na viberiti.

Miezi mitatu mto wangu ulihubiri.
Ulisema subira, ulisema watoto watii wazazi,
ulimwaga methali mpaka nikauonea haya.
Mchapaji wa Kisumu akapiga simu: dada,
kurasa ni thelathini na mbili, si thelathini na moja,
na wino wa buluu umepanda bei.

Tukaenda kwa binti yake, Nafuna, kule Misikhu.
Mama wa miaka sabini na kitu, ungo mapajani,
anachambua maharagwe.
Alivaa miwani, akafunua picha mojamoja,
akamcheka chura, akamuuliza Kizito kama amekula.
Nikasema: mama, baba alikusimulia hii. Iliishaje?

"Sijui," akasema. "Kila usiku usingizi
ulinikamata hapo hapo mtoni.
Nasikia kiti kinalia, ameinama.
*Nafuna, umelala?*
Nikinyamaza, anapuliza koroboi."

Akatupa punje moja uani. "Hii ina fukusi."

Njiani hatukusemezana hadi taa za Webuye.
Usiku ule Kizito alimfuta msichana
kwenye ukurasa wa thelathini, akaacha maji tu,
na kitu cheusi chini ya maji
ambacho huenda ni kivuli,
huenda ni kambare.

Mimi niliufuta mto wangu wote, subira na methali zake,
nikaandika, mkono ukiwa mzito kama wa mtoto wa chekechea:

Mto ukauliza: Nabwile, umelala?

Kurasa mbili zinazofuata tumeziacha tupu.
Mchapaji ameuliza mara mbili kama ni kosa.