Kipengele cha Nne

Papa Zihindula, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya meza,
miguu hewani, kwa sababu sakafu imelowa
na ukuta wa upande wa jiko una kuranti.
Swichi kubwa nimeizima. Waya unaingia kabla yake,
wewe unajua, ni wewe uliyeupitisha hapo.
Jana Ansima aliuegemea akitafuta kiatu,
akarushwa hadi kwenye gunia la makaa,
akakaa kimya. Mtoto huyu hajui kukaa kimya.
Nilihesabu hadi kumi na moja ndipo akalia,
na sijasikia kitu kizuri kama kile kilio mwaka huu mzima.

Tangu Septemba nakupigia. Tarehe ninazo,
nimeziandika nyuma ya daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha Mama Nshobole
na mabega ya bibi harusi wa Nyamugo:
tarehe tisa, bati limefunguka juu ya mita.
Tarehe kumi na nne, beseni moja.
Tarehe ishirini, mabeseni mawili na sufuria ya fufu.
Oktoba niliacha kuhesabu vyombo.
Kila mara: "Ntatuma fundi, mama. Vumilia kidogo."
Mimi nashona, Papa. Kwangu kidogo kina sentimita.
Niambie urefu wa kidogo chako, nikikate.

Maana kodi haijui kidogo.
Tarehe tano, kabla ya kengele ya misa ya kwanza,
nasikia viatu vyako kwenye ngazi za udongo za Cimpunda.
Dola unazinyanyua kwenye mwanga moja moja,
kama daktari anayesoma picha ya mapafu.
Yenye tundu la ncha ya sindano unanirudishia:
"Hii haitembei."
Nyumba yenye tundu la kupitisha kuku, hiyo inatembea?

Nilienda kwa chefu wa avenyu. Alinipa kiti.
Akauliza kama nimelipa. Nimelipa.
Akauliza kama garanti ya miezi sita iko kwako. Iko.
"Basi," akasema, akimtazama mbuzi wa jirani
akinyeshewa bila kusogea,
"kiangazi hakiko mbali."
Ilikuwa Novemba.

Usiku huu nimeutoa mkataba chini ya godoro.
Muhuri umeyeyuka umekuwa ua la buluu,
jina lako limeingia ndani ya jina langu,
lakini kipengele cha nne bado kinasomeka:
*Mpangaji atairudisha nyumba katika hali aliyoikuta.*
Miaka mitatu nilikiogopa hicho.
Nilikataza misumari ukutani, nilifuta alama za vidole,
hata kalenda ya parokia niliitundika kwa gundi ya ugali.
Leo nimekisoma kwa sauti, Ansima akisikiliza,
mkono wake umefungwa kitenge.
Niliikuta kavu, Papa Zihindula.
Niliikuta na ukuta ambao mtoto anaweza kuuegemea.
Kwa hiyo naanza kuirudisha.

Kesho asubuhi Cirhuza wa Funu atapanda juu.
Mabati matatu. Misumari nusu kilo. Waya mita sita.
Siku moja ya mtu mwenye watoto watano
na woga wa kutosha kufanya kazi vizuri.
Pesa nimezitoa kwenye karo ya Januari.
Risiti zote nitazishona pamoja, uzi mwekundu,
zisianguke njiani kama ahadi,
na bahasha ya tarehe tano itapungua kwa hesabu yao,
si faranga moja zaidi.

Najua utapiga kelele. Piga tu.
Kelele hazina kuranti.

Ukija kabla ya Cirhuza, ubaki mlangoni, nakuomba,
una kisukari na moyo wako si wa kuchezea.
Ukija baada yake, ingia,
vua viatu, sakafu itakuwa kavu.
Egemea ukuta.
Ansima atakuonyesha mahali.