Uzi Haupandi

Usiku wa tatu sasa ramani imelala mezani,
pembe moja imekaliwa na kopo la chumvi ya Katwe,
pembe nyingine na nyundo ya baba, ya mgodini.
Nje, Nyamwamba unasaga mawe yake
kama mtu aliyekosa usingizi.

Nilichukua uzi mweusi kikapuni mwa mama,
nikaulaza juu ya karatasi, kutoka hapa Kilembe,
juu ya mianzi, juu ya vijito visivyo na majina
(au vyenye majina ambayo mpimaji hakuuliza),
mpaka mgongo wa pili, njia ya wageni isikofika.
Shubiri moja kasoro. Kilomita kumi na moja.
"Siku mbili," nikasema, kwa sauti ya mshindi.

Ndungo akainama.
Miaka kumi na tisa amebeba mizigo ya watu huko juu;
goti lake la kushoto hutangulia mvua.
"Uzi haupandi," akasema.
"Uzi hauzami matopeni hadi pajani.
Uzi haujui kwamba mistari ikibanana hivi
ni ukuta, na ukuta huo hutiririka maji mwaka mzima."

Basi tukaupinda.
Tukauzungusha begani mwa mlima,
tukaushusha bonde la malobelia
ambako unaruka kutoka kishungi cha nyasi hadi kishungi,
na ukikosea hatua, wewe unaondoka, kiatu kinabaki.
Uzi ukaisha. Tukaongeza mwingine.
Siku mbili zikawa tano, tano zikazaa ya sita,
ya kukaa hemani kusikiliza tu.

Unga wa muhogo, nusu kilo kwa kichwa kwa siku.
Dagaa. Majani ya chai. Kamba, mita thelathini.
Nikakata mpini wa mswaki,
Ndungo akacheka mpaka akakohoa:
"Mswaki umeukata. Na hicho kitabu?"
Nikakirudisha rafuni.
Nikakitoa.
Nikakirudisha.

Lakini katikati ya karatasi pana doa jeupe,
upana wa ukucha wa dole gumba.
Siku ndege ilipopita kupiga picha
wingu lilikuwa limejilaza pale,
na mchoraji, mtu mwaminifu, hakubuni kitu.
Mistari inafika ukingoni, inakatika,
inaanza tena ng'ambo
kama msemaji aliyesahau alikuwa wapi.
Njia zetu zote tatu, hata ile ya kukimbilia, zinapita humo.

"Umewahi kufika hapo?"
"Nimewahi kupasikia.
Perere hulia upande ule usiku. Perere akilia, pana miti.
Penye miti pana udongo,
na kigingi hakihitaji zaidi ya hapo."
Akanyamaza kidogo. "Na maji yanaanguka. Si mbali."

Nikachora duara, kwa penseli, bila kukandamiza.
Pembeni nikaandika sheria:
saa nane mchana, kama hatujaiona ng'ambo, tunageuka.
Bila mabishano.
Hata kilele kikituita kwa majina ya utotoni.

Mama alikuja kuchukua uzi wake.
Nikampa nakala: "Tusiporudi Jumamosi ya pili,
mpelekee Kabugho, kule kwa walinzi.
Jumamosi, mama. Ijumaa usihangaike."
Hasomi kontua, ila mishono anaisoma.
Akaipeleka karatasi kwenye taa, akaigeuza,
kidole chake kikaenda moja kwa moja.
"Hapa pametoboka," akasema. "Hapa ndipo mtalala?"

Ndungo akatazama goti lake.
Mimi nikatazama kopo la chumvi.

Akauokota uzi, mapinda yote, siku zote sita,
akaunyoosha kwa vidole, akautia sindanoni,
akavuta koti langu kutoka msumarini.
Sasa, kuanzia Kilembe hadi mgongo wa pili,
matope, ukuta, wingu na yote,
umeshika kifungo kimoja,
kile cha juu, cha shingoni.
Akaukata kwa meno.