Nusu Mita

Jumapili kiwanda cha chai kimelala.
Ukungu wa Rungwe umeshuka hadi mlangoni,
wachumaji wako ibadani, mapangaboi yamenyamaza,
vitanda vya kunyaushia majani ni vitupu.
Lakini mita inahesabu.
Nimesimama mbele yake na daftari la mwanangu,
kurasa za mwisho, zile ambazo mwalimu hafiki,
ninaandika: saa tatu. Saa nne. Saa tano.
Nani huyu anayekula nyumba nzima ikiwa imelala?

Nikatulia. Ufundi huanzia sikioni.
Ndipo nikaisikia kompresa ikikohoa,
ikiamka, ikijaza kifua, ikilala,
na kabla sijafungua ukurasa ikaamka tena
kama mama wa kichanga.
Nikakoroga sabuni ya kufulia kwenye kopo,
nikapaka kila kiungo kwa brashi ya rangi;
povu likavimba hapa, na hapa,
na kule nyuma ya kikaushio likatoa macho ya chura.
Kumi na saba.
Midomo kumi na saba ikipuliza pesa usiku na mchana,
na juma lililopita meneja alikwishataja majina
ya vibarua wa kupunguza. Sita.
La tatu lilikuwa la Tumpale, mwenye mapacha.

Nikamwambia: bili haijui majina, bosi.
Nipe wiki tatu na gasketi mpya.

Kuni nazo! Mkaratusi unaangushwa leo,
kesho uko tanuruni, unalia,
unatoa mate mwishoni mwa gogo:
moto unachemsha kwanza maji ya mti
ndipo ukumbuke maji yetu.
Tukaezeka banda, tukaandika kwa chaki kwenye kila lundo:
Machi. Aprili. Mei.
Ambakisye, mchochezi wa boila, akacheka,
"Leo gogo lina tarehe ya kuzaliwa, mimi sina."

Likabaki bomba la mvuke,
lile refu linaloambaa ukuta kwenda kikaushioni,
uchi miaka yote,
likipasha joto ukungu wa Tukuyu kwa kuni za kununua.
Nikalivisha sufi ya mawe, na bati juu yake,
kama mtoto anayekwenda shule mwezi wa Juni.
Paka wa kiwanda akahama kwa hasira.

Siku ya nne Ambakisye akanifuata, kofia mkononi.
"Pale," akaonyesha kwa kidevu, "karibu na mlango wa pili.
Wanawake wa zamu ya alfajiri hufika vidole vimekufa.
Huvifufua pale kwanza.
Na mahindi ya jana. Na soksi zangu."
Akafikiri kidogo.
"Na hilo nalo ni kuvuja?"

Daftarini sikuwa na safu ya jambo hilo.

Mwisho wa mwezi bili ikashuka.
Meneja akaisoma mara mbili,
akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.
Yale majina sita hayakutajwa tena,
wala hakuna aliyeambiwa kwamba yaliwahi kutajwa.

Ripoti yangu inasema bomba limefunikwa lote.
Si kweli.
Saa kumi na moja alfajiri, karibu na mlango wa pili,
mikono kumi na miwili imetandwa juu ya chuma
bila kukigusa, kama inayokibariki.
Wananong'ona habari za mvua na ada.
Paka amerudi.
Tumpale anasogeza mguu, anampisha.