Kadi ya Pili

Mvua ya Colón haipigi hodi;
inaingia na kuketi, kama mdai.
Umeme umerudi saa nne usiku. Natia kanda mashineni,
natafuta kitufe cha sauti, nakizima.

Pambano ni lilelile: raundi kumi na tano, ukanda wa dunia,
uzani wa bantamu, mwaka ambao Zoraida wangu
alikuwa bado akinipigia pasi suti ya kitani.
Nilikuwa jaji wa tatu. Penseli mbili, zote nimezichonga.
Wenzangu waligawana: mmoja huku, mmoja kule.
Kadi yangu ndiyo iliyonyanyua mkono wa mtu.

Nilimpa Lasso. Nane kwa saba.

Miaka arobaini na sita nimeitetea ile nane
kwa kinyozi, kwa padri, kwa shemeji yangu mlevi,
nikisema: hamkuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilisikia.

Na ndiyo, nilisikia. Hapo ndipo penye jambo.
Bila sauti, uwanja mzima umekuwa samaki,
vinywa wazi, hakitoki kitu.
Na ngumi za Lasso, zile zilizotikisa viti,
naziona zinatua kwenye glovu, kwenye kiwiko,
nyingine zinapita sikioni kama mtu aliyekosea nyumba.

Braithwaite yeye hana shamrashamra.
Mkono wake wa kushoto unaingia ubavuni kama kodi ya pango:
kidogo, kwa tarehe yake, bila kukosa.
Ya nne. Ya tano. Ya saba pia, ambayo sikumpa.
Ya tisa, niliyoapa kwamba alipepesuka kwa ngumi
(narudisha nyuma, narudisha tena),
ni maji ya ndoo sakafuni. Kateleza.
Kiatu cha kulia. Hata refa alitazama chini.

Sikumpendelea. Ya kumi na mbili nimemnyang'anya:
alilala kambani dakika tatu, na zamani nilimpa.
Nikajumlisha.
Nane kwa saba. Braithwaite.

Jumapili nilimpelekea kadi, ndani ya mfuko wa plastiki.
Anauza tiketi za bahati nasibu mlangoni pa duka la viatu lililofungwa,
vifundo vya vidole vimevimba kama tangawizi,
jicho la kushoto nalo limeshafunga biashara.
Sikuomba radhi. Ulimi ulikuwa mzito kama glovu iliyolowa.

Alivaa miwani. Akasoma polepole, raundi kwa raundi,
kama mzazi asomaye ripoti ya shule.
"Ya tisa, sawa," akasema. "Niliwaambia."
Kisha akachomoa kalamu nyuma ya sikio,
akaikata ya saba.
"Hii haikuwa yangu, jaji. Alinipiga hapa," akajigusa ini,
"mapema, kamera ikiwa mgongoni kwake.
Nilitabasamu ili usione."

Nane kwa saba. Lasso.

Akaikunja kadi, akaibana katikati ya tiketi zisizouzika.
"Balboa moja," akanyoosha mkono. "Ya leo inaishia na tisa."

Nimerudi. Mvua nayo imerudi.
Raundi ya saba: mgongo wa Lasso umejaa kioo chote,
na juu ya bega lake, kidogo tu, meno.
Nimewasha sauti.
Nimezima.