Simu Iliyozeeka Angani

Dada yangu Kageha aliinunua Dubai, Jumanne asubuhi.
Boksi akalitupa, risiti akaimeza pipa la chooni.
Kioo akakipaka mafuta ya nazi kwa kidole gumba,
mgongoni akabandika ua la plastiki,
ili tukitua Embakasi iwe imeshakula chumvi.

Afisa wa forodha akaiwasha.
"Umekaa nayo muda gani?"
"Miaka miwili."
Akabonyeza, akateremka, akatugeuzia kioo:
betri, imechajiwa mara moja.

Kule ulilipa simu.
Hapa unalipa simu na safari yake,
na dola iliyoamka vibaya,
na ushuru, na kodi inayoukalia ushuru mabegani,
kisha pango la kibanda cha Luthuli
ambacho ukinyoosha mikono umekimaliza.
Na mwenye kibanda naye ana karo.

"Sikuiba," Kageha akasema.
"Najua, mama."

Akapiga hesabu taratibu
kwenye simu yake mwenyewe,
imefungwa selotepu, kioo kimepasuka tangu Pasaka,
akikwepa ufa ili asikosee sifuri.